Wembe wa usalama

Wembe wa usalama ni kifaa cha kunyolea ambacho makali yake yamekingwa kwa ukingo au kwa meno madogo kama ya kitana, ili sehemu ndogo tu ya makali iguse ngozi. Kwa kawaida jina hili hutumika kwa aina yenye mpini wa metali na kiwembe kimoja chembamba chenye makali pande mbili, ambacho hutolewa na kutupwa kikiisha makali. Aina hiyo ilianza kuuzwa nchini Marekani mwaka 1903 na kampuni ya King C. Gillette.

Kwa muda wa miaka 70 hivi wembe wa usalama ulikuwa chombo cha kawaida cha kunyolea ndevu katika nchi nyingi za dunia. Kuanzia miaka ya 1970 ulisukumwa pembeni na nyembe za plastiki za kutupwa na zile zenye vichwa vya kubadilisha vyenye makali mawili, matatu au zaidi. Tangu mwanzo wa karne ya 21 watu wengi wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wameurudia, pamoja na brashi na sabuni ya kunyolea, kwa sababu ya gharama ndogo, kupungua kwa taka za plastiki na afya ya ngozi. Katika Afrika ya Mashariki viwembe vyenyewe havikuwahi kutoweka madukani, ingawa mara nyingi huuzwa kwa kazi nyingine kuliko kunyoa ndevu.

Jina na matumizi ya maneno

Katika Kiswahili neno wembe (wingi: nyembe) hutaja kifaa chochote cha kunyolea chenye makali, kuanzia wembe wa chuma uliofuliwa na mhunzi hadi wembe wa plastiki wa dukani. Neno kiwembe (wingi: viwembe) hutumika zaidi kwa kile kipande chembamba cha makali pande mbili kinachouzwa kikiwa kimefungwa katika karatasi. Katika makala hii wembe wa usalama ni kifaa kizima pamoja na mpini wake, na kiwembe ni kipande kinachobadilishwa.

Wembe wa kukunja ni ule wa zamani wenye makali marefu yanayoingia ndani ya mpini wake. Huo hauna kinga yoyote, na ndio uliotumiwa na vinyozi kabla ya wembe wa usalama kuenea.

Historia

Kabla ya wembe wa usalama

Nyembe ni kati ya vifaa vya kale vya binadamu. Nyembe za shaba na za shaba nyeusi zimepatikana katika makaburi ya Misri ya Kale. Katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati wahunzi walifua nyembe za chuma zilizotumika kunyoa nywele za kichwa, kuchanja chale na kutahiri.

Huko Ulaya wembe wa kukunja ulifikia ubora wa juu katika karne ya 18 na ya 19. Miji iliyojulikana zaidi kwa kazi hiyo ilikuwa Sheffield nchini Uingereza, Solingen nchini Ujerumani na Thiers nchini Ufaransa. Wembe huo hudumu miaka mingi, lakini unadai utunzaji. Kabla ya kunyoa hupitishwa mara kadhaa juu ya mkanda wa ngozi ili kunyoosha makali, na baada ya muda hunolewa upya kwenye kinoo. Kuutumia kunahitaji mkono uliozoea, kwa hiyo wanaume wengi hawakujinyoa wenyewe kila siku bali walikwenda kwa kinyozi mara moja au mbili kwa wiki.

Majaribio ya kwanza ya kinga

Katika karne ya 18 fundi visu Mfaransa Jean-Jacques Perret alibuni wembe wenye kinga ya mbao iliyoacha sehemu ndogo tu ya makali ikitokeza. Mwaka 1847 Mwingereza William Henson alipewa hataza ya wembe ambao makali yake yalikaa kwa kukingama na mpini, kama jembe. Umbo hilo ndilo linalotumika hadi leo katika karibu nyembe zote za mkono.

Mwaka 1880 ndugu wa familia ya Kampfe, waliofanya kazi mjini New York, walipata hataza ya wembe walioutaja kuwa wa usalama. Ulikuwa na umbo la jembe na ukingo mbele ya makali, lakini kiwembe chake kilikuwa kinene na kilipaswa kunolewa kama cha wembe wa kukunja. Usalama ulikuwa umepatikana, lakini usumbufu wa kunoa ulibaki palepale.

Gillette na kiwembe cha kutupa

King Camp Gillette (1855 - 1932) alikuwa mchuuzi wa kampuni iliyotengeneza vifuniko vya chupa. William Painter, mbunifu wa kifuniko cha chupa za soda na bia, alimshauri abuni kitu ambacho watu wangekitumia na kukitupa, kisha wanunue kingine. Mwaka 1895 Gillette alipata wazo la kutengeneza kiwembe chembamba cha bei ndogo kisichonolewa kabisa.

Wazo lilikuwa rahisi kuliko utekelezaji wake. Bamba la feleji jembamba kama karatasi hujipinda linapopashwa moto ili liwe gumu, na mafundi wengi walimwambia Gillette kwamba jambo hilo haliwezekani. Aliyetatua tatizo hilo alikuwa mhandisi William Emery Nickerson, aliyesoma katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts (MIT). Nickerson alibuni njia ya kufanya feleji hiyo iwe ngumu bila kupinda, pamoja na mashine za kuinoa.

Kampuni iliundwa mwaka 1901 mjini Boston. Mwaka 1903, uliokuwa wa kwanza wa mauzo, iliuza nyembe 51 na viwembe 168 tu. Mwaka uliofuata iliuza nyembe zaidi ya 90,000, na tarehe 15 Novemba 1904 Gillette alipewa hataza ya Marekani kwa uvumbuzi wake.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia serikali ya Marekani iliagiza nyembe milioni 3.5 na viwembe milioni 36 kwa ajili ya askari wake. Maelfu ya vijana waliozoea kwenda kwa kinyozi walijifunza kujinyoa wenyewe jeshini, na waliporudi nyumbani waliendelea hivyo.

Bei ya mpini na bei ya viwembe

Katika masomo ya biashara Gillette hutajwa mara nyingi kama mfano wa kampuni inayouza kifaa kwa bei ya kutupa ili ipate faida kwenye vipuri vyake. Mfano huo hutumika leo kueleza biashara ya printa na wino wake, au mashine za kahawa na vidonge vyake.

Historia yenyewe haikuanza hivyo. Mwanzoni seti ya Gillette iliuzwa kwa dola 5, kiasi kilichokaribia theluthi moja ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kiwandani nchini Marekani. Kampuni ilishikilia bei hiyo ya juu kwa muda wote ambao hataza iliizuia kupata washindani. Ni mwaka 1921, hataza ilipokwisha, ndipo ilipoanza kuuza nyembe za muundo wa zamani kwa bei ndogo. Kuanzia hapo kampuni nyingine pia ziliweza kutengeneza nyembe na viwembe vya umbo hilohilo.

Jambo hilo lina matokeo hadi leo. Umbo la kiwembe cha makali pande mbili halimilikiwi na mtu yeyote, hivyo kiwembe cha kiwanda kimoja huingia katika wembe wa kiwanda kingine, hata kama wembe huo una umri wa miaka 80. Kwa vichwa vya kubadilisha hali ni tofauti, kwa kuwa kwa kawaida kila kampuni hutengeneza kiungio chake na kukilinda kwa hataza, na mnunuzi hulazimika kurudi kwa kampuni ileile.

Feleji isiyoshika kutu

Viwembe vya kwanza vilikuwa vya feleji ya kawaida iliyoshika kutu upesi, hivyo mara nyingi vilitupwa baada ya kutumika mara chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza, ambayo asili yake ilikuwa kutengeneza silaha na baadaye panga za kijeshi, ilileta sokoni viwembe vya feleji isiyoshika kutu vilivyodumu muda mrefu zaidi. Kampuni nyingine zililazimika kufuata. Karibu viwembe vyote vya leo ni vya aina hiyo.

Kupungua kwa matumizi

Mashindano yalikuwa yameanza mapema. Mwaka 1931 Mmarekani Jacob Schick aliingiza sokoni mashine ya umeme ya kunyolea ndevu. Pigo kubwa zaidi lilitokea miaka ya 1970. Mwaka 1971 Gillette yenyewe ilileta wembe wenye kichwa cha plastiki chenye makali mawili, na mwaka 1975 kampuni ya Bic ya Ufaransa ilianza kuuza wembe mwepesi wa plastiki unaotupwa mzima.

Baada ya hapo idadi ya makali iliendelea kuongezeka. Wembe wa makali matatu ulitolewa na Gillette mwaka 1998, wa manne na Schick mwaka 2003, na wa matano na Gillette mwaka 2006. Kila hatua ilitangazwa kwa nguvu na iliambatana na bei ya juu zaidi. Mwaka 2005 kampuni ya Procter & Gamble iliinunua Gillette kwa takriban dola bilioni 57.

Muundo

Wembe wa usalama wa kawaida una sehemu tatu: mpini, bamba la chini lenye ukingo, na kifuniko. Kiwembe huwekwa kati ya bamba na kifuniko, kisha mpini hukazwa kwa skrubu. Kifuniko kimepinda kidogo, nacho hukipinda kiwembe ili kisitikisike wakati wa kunyoa. Kuna pia nyembe ambazo kifuniko chake hufunguka kama milango miwili mpini unapozungushwa. Kwa mtumiaji hizo ni rahisi, ila zina sehemu nyingi zaidi zinazoweza kuharibika.

Ukali wa kifaa kwa ngozi hutegemea mambo mawili, yaani upana wa nafasi kati ya makali na ukingo, na kiasi ambacho makali yanatokeza nje. Wembe wenye nafasi ndogo ni mpole na humfaa anayeanza. Wenye nafasi kubwa, au wenye meno badala ya ukingo, hukata ndevu ndefu kwa urahisi lakini husamehe makosa machache. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Gillette ilianza kuuza nyembe ambazo nafasi hiyo hurekebishwa kwa kuzungusha gurudumu dogo kwenye mpini.

Kiwembe cha kawaida kina urefu wa milimita 43, upana wa milimita 22 na unene wa milimita 0.1 hivi. Hutengenezwa kwa feleji yenye kromi nyingi, na makali yake hupakwa tabaka nyembamba sana za vitu kama kromi, platini na tefloni ili yateleze na kudumu. Hutengenezwa katika nchi nyingi. Kati ya kampuni zinazojulikana ni Feather ya Japani, Lord ya Misri, Derby ya Uturuki na Treet ya Pakistan.

Kwa nini makali huisha

Unywele ni laini mara nyingi kuliko feleji, lakini kiwembe huwa butu baada ya kunyoa mara chache. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa makali huliwa polepole kwa msuguano. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kuchunguza makali kwa hadubini ya elektroni wakati yakikata nywele. Waliona kuwa makali humeguka vipande vidogo sana. Hilo hutokea pale muundo wa feleji usipokuwa sawa katika sehemu zote, na unywele unapogonga makali kwa mshazari huku ukiwa na nafasi ya kupinda.

Maji yana kazi kubwa hapa. Unywele uliolowa hufyonza maji, huvimba na kulainika, na hukatwa kwa nguvu ndogo zaidi kuliko unywele mkavu. Methali ya Kiswahili isemayo "Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji" hutumika kuwaonya watu wajiandae kwa jambo linalokuja, lakini imejengwa juu ya ujuzi huohuo wa vinyozi.

Vifaa vinavyoandamana nao

Sabuni ya kunyolea hutofautiana na ya kuogea kwa kuwa hutoa povu zito lisilokauka upesi. Mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta yenye asidi steariki na kwa magadi ya potasi, ambayo huifanya iwe laini kuliko sabuni ya magadi ya kawaida. Povu hushikilia maji kwenye ndevu na kupunguza msuguano.

Brashi ya kunyolea hutumika kutengeneza povu, kuliingiza kati ya ndevu na kuziinua kutoka kwenye ngozi. Brashi hutengenezwa kwa manyoya ya melesi, mnyama wa jamii ya nyegere aishiye Ulaya na Asia, au kwa nywele za nguruwe, za farasi au nyuzi za viwandani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia brashi za nywele za farasi ambazo hazikusafishwa vizuri zilisababisha wagonjwa wa kimeta nchini Uingereza na Marekani, na baadhi yao walikufa. Tukio hilo lilileta sheria kali zaidi za usafishaji wa nywele za wanyama.

Shabu ni jiwe la chumvi linalolowekwa maji na kupitishwa usoni baada ya kunyoa. Hukaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo. Vinyozi wamelitumia kwa karne nyingi, nalo hupatikana katika maduka ya dawa za asili ya pwani ya Afrika ya Mashariki.

Namna ya kunyoa

Unyoaji kwa wembe wa usalama hufuata hatua hizi:

1. Uso huoshwa kwa maji ya vuguvugu, na ndevu huachwa zilowe kwa dakika mbili au tatu.
2. Povu hupakwa kwa brashi au kwa vidole mpaka lifunike ndevu zote.
3. Kichwa cha wembe huwekwa shavuni, kisha mpini huteremshwa mpaka makali yaguse ngozi. Pembe kati ya kiwembe na ngozi huwa nyuzi 30 hivi.
4. Wembe huvutwa kwa mikato mifupi kufuata mwelekeo wa nywele. Uzito wa wembe wenyewe hutosha, kwa hiyo haukandamizwi.
5. Wembe husuuzwa kila baada ya mikato michache.
6. Anayetaka ngozi laini zaidi hupaka povu tena na kunyoa mara ya pili kwa kukingama na mwelekeo wa nywele. Povu halirukwi katika mzunguko wowote.
7. Uso husuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa kwa kugusisha taulo bila kusugua.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kukandamiza. Kichwa cha plastiki hujipinda kufuata uso na huvumilia mkono mzito, lakini wembe wa metali haupindi, na anayeukandamiza hujikata. Wengi huhitaji wiki kadhaa kabla ya mkono kuzoea. Sehemu ngumu zaidi ni chini ya taya na shingoni, ambako nywele mara nyingi huota kwa mielekeo tofauti.

Kiwembe kimoja hutumika kwa kawaida mara tatu hadi saba, kutegemea ugumu wa ndevu. Kikianza kuvuta nywele badala ya kuzikata, muda wake umekwisha.

Afya

Vipele vya ndevu

Vipele vya ndevu ni uvimbe mdogo unaotokea mashavuni na shingoni baada ya kunyoa. Huwapata zaidi watu wenye nywele za kipilipili, kwa hiyo ni tatizo la kawaida kwa wanaume wenye asili ya Afrika. Sababu yake ni umbo la unywele. Unywele uliopinda ukikatwa huachwa na ncha kali, na unapokua hujikunja na kuchoma ngozi upya. Mwili huupokea kama mwiba, yaani sehemu hiyo huvimba, huwasha na wakati mwingine hutunga usaha. Hali ikiendelea kwa miaka, ngozi hubaki na madoa meusi au makovu yaliyovimba.

Nyembe zenye makali mengi zimebuniwa ili makali ya kwanza yauvute unywele kidogo na yanayofuata yaukate kabla haujarudi. Matokeo yake ni kuwa ncha iliyobaki hurudi chini ya uso wa ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka hali hiyo huleta ulaini. Kwa mwenye nywele za kipilipili ncha hiyo inaweza kutoboa ukuta wa kishimo chake ikiwa bado ndani. Ndiyo maana wataalamu wengi wa ngozi huwashauri wenye tatizo hili kutumia makali mamoja, kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa nywele tu, na kutoivuta ngozi wakati wa kunyoa.

Wembe wa usalama hautibu vipele. Anayetafuta ulaini wa mwisho kwa kunyoa kinyume cha nywele anaweza kuvipata kwa wembe wowote. Kwa wengine njia bora ni kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi, ama kwa kutumia mashine ya umeme inayobakiza urefu wa milimita moja hivi au kwa kufuga ndevu. Ndevu zinaporefuka, nywele zilizonasa huchomoka zenyewe na vipele hupungua baada ya wiki kadhaa. Katika jeshi la Marekani tatizo hili limekuwa suala la haki kwa miongo mingi, kwa kuwa amri ya kunyoa kila siku huwaumiza askari weusi zaidi ya wengine, na wengi wao wamehitaji kibali cha daktari ili waache ndevu fupi.

Mwenye makovu yanayokua au vipele vyenye usaha anapaswa kumwona daktari wa ngozi.

Maambukizi kwa damu

Kiwembe kilichomkata mtu hubeba damu yake hata isipoonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo kuchangia wembe kunaweza kuambukiza virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na pia VVU. Virusi vya homa ya ini B ni vigumu kufa kuliko vingine, kwani vinaweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa angalau siku saba. Kufuta kiwembe kilichotumika kwa pamba yenye spiriti hakutoshi kukifanya kiwe salama kwa mtu mwingine.

Katika nchi za Afrika ya Mashariki onyo la kutochangia nyembe limekuwa sehemu ya elimu ya UKIMWI mashuleni na katika vituo vya afya. Onyo hilo linahusu pia nyembe za chale, za tohara na za kukatia kucha. Kwa upande huu kiwembe cha kutupa kina faida kubwa. Ni rahisi kiasi kwamba kila mtu anaweza kupata chake kipya, na mteja anaweza kuona karatasi yake ikifunguliwa mbele yake. Vinyozi wa Uturuki, nchi za Kiarabu na Asia ya Kusini hutumia wembe wa kukunja usio na makali yake mwenyewe. Kabla ya kila mteja huvunja kiwembe kipya katikati kikiwa bado ndani ya karatasi, na kuingiza nusu yake katika wembe huo.

Kurudi kwa matumizi

Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2000 watu nchini Marekani, Kanada na Uingereza walianza kubadilishana kwenye intaneti maarifa ya kunyoa kwa vifaa vya zamani. Mwaka 2005 mwandishi wa habari Mmarekani Corey Greenberg alisifu wembe wa usalama na brashi katika vyombo vya habari vya nchi yake, na makala yake hutajwa mara nyingi kuwa ilichochea mwamko huo. Nyembe za Gillette za miaka ya 1930 hadi 1960 zilianza kutafutwa katika masoko ya vitu vikuukuu, huku viwanda vya Ujerumani kama Merkur na Mühle vikipata wateja wapya. Wembe wa kukunja nao ulipata umaarufu, hasa baada ya filamu Skyfall ya mwaka 2012, ambamo James Bond ananyolewa kwa wembe huo.

Sababu kuu ya kwanza ni gharama. Wembe wa metali hununuliwa mara moja na unaweza kudumu maisha yote, na bei ya kiwembe kimoja ni sehemu ndogo tu ya bei ya kichwa cha makali matano. Hasira ya wateja dhidi ya bei ya vichwa hivyo ilizaa pia kampuni zilizouza nyembe za bei nafuu kwa njia ya posta. Mojawapo, Dollar Shave Club, ilinunuliwa na Unilever mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni moja. Mwaka 2019 Procter & Gamble ilipunguza thamani ya Gillette katika vitabu vyake kwa dola bilioni 8, ikitaja kati ya sababu zake kwamba wanaume hunyoa mara chache kuliko zamani. Mwaka 2020 Gillette yenyewe ilirudisha sokoni wembe wa makali pande mbili, ukiwa na jina la mwanzilishi wake.

Sababu ya pili ni mazingira. Kichwa cha kubadilisha kimeunganisha plastiki, mpira na feleji kwa namna isiyotenganishwa kwa urahisi, kwa hiyo kwa kawaida huishia jalalani. Kiwembe ni feleji tupu, na ufungaji wake ni karatasi. Hata hivyo kilibuniwa kama kitu cha kutupwa, na anayekirudia kwa ajili ya mazingira bado hutupa feleji, ingawa ni kidogo.

Sababu ya tatu ni afya ya ngozi, kama ilivyoelezwa juu. Ya nne ni starehe, kwa kuwa wapo wanaoona dakika 15 za brashi na povu kuwa utulivu wa asubuhi. Kwa kundi hili gharama haipungui, kwa sababu hukusanya nyembe, brashi na sabuni nyingi kuliko wanavyohitaji.

Afrika ya Mashariki

Nchini Tanzania, Kenya na nchi jirani viwembe vya makali pande mbili huuzwa kimojakimoja katika maduka madogo ya mtaani. Hutumika kukata kucha, kuchonga penseli, kunyoa nywele za mwili na za watoto, na mafundi cherehani huvitumia kufumua mishono. Waislamu wengi hunyoa nywele za mtoto mchanga siku ya saba, na katika jamii nyingi wafiwa hunyoa vichwa baada ya maziko. Kazi hizo hufanywa mara nyingi kwa kiwembe kilichoshikwa kwa vidole bila mpini wowote. Kwa namna hiyo watu hutumia kiwembe cha Gillette bila ile kinga iliyokifanya kiitwe cha usalama, na hatari ya kujikata au kumkata mwingine ni kubwa zaidi.

Katika vibanda vya vinyozi vya mijini mashine ya umeme imechukua nafasi ya wembe kwa sehemu kubwa. Wembe wenye mpini wa metali ni mgumu zaidi kupatikana kuliko viwembe vyake.

Utunzaji na utupaji

Wembe husuuzwa baada ya kutumika na kuachwa ukauke mahali penye hewa. Kiwembe hakifutwi kwa taulo, kwa kuwa hukata vidole na makali yake huharibika. Mara moja kwa wiki kadhaa wembe hufunguliwa na kuoshwa kwa mswaki mkuukuu na sabuni.

Viwembe vilivyotumika havipaswi kutupwa ovyo kwenye taka, ambako huwakata watoto, waokota taka na wanyama. Njia rahisi ni kuviingiza katika kopo la bati lililotobolewa tundu jembamba, na kopo likijaa hufungwa kabisa kabla ya kutupwa au kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Katika nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa katikati ya karne ya 20, kabati la bafuni lilikuwa na tundu la kutupia viwembe, navyo viliangukia ndani ya ukuta. Mafundi wanaobomoa kuta hizo bado huvikuta vimerundikana.

Kwa wasafiri wa ndege viwembe haviruhusiwi katika mizigo ya mkononi nchini Marekani na katika nchi nyingine nyingi. Mpini usio na kiwembe kwa kawaida huruhusiwa, na viwembe huwekwa katika mizigo inayokabidhiwa.